Kamati ya Kumchunguza Mzee Filemon

Jumapili moja baada ya misa, Mzee Filemon wa Kibosho alisifia chakula, na sifa hiyo ikamtia kwenye matatizo yaliyomfuata mpaka mwezi wa Desemba.

Chakula chenyewe kilikuwa mtori. Mkewe, Margareta, alikuwa amevimba goti na hawezi kusimama jikoni, kwa hiyo mkwe wao Evelyn alimenya ndizi, akazichemsha na nyama ya mbavu, akaziponda, akatia maziwa na siagi, akapakua mtori mzito wa kushika kijiko. Evelyn ni mke wa Godlove, mtoto wao wa kwanza wa kiume. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake cha kushona sare za shule sokoni Mbuyuni, mjini Moshi. Baba yake ni Muha wa Kasulu aliyekuja Kilimanjaro ujanani kutafuta kazi kwenye kiwanda cha sukari, na Evelyn alizaliwa na kukulia huko chini, kwenye nyumba za wafanyakazi katikati ya miwa.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa Antoni, kaka yake Margareta, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya kanisa pale kijijini na mtu anayependa kila jambo lifuate utaratibu. Filemon alimaliza bakuli la kwanza, akamaliza la pili, akafuta mdomo, akamgeukia shemeji yake.

"Shemeji, mtori huu ukiula umefumba macho," alisema, "huwezi kujua umepikwa na chasaka."

Chasaka ni neno la Kichagga. Wazee wa mlimani humwita hivyo mtu yeyote ambaye hakuzaliwa mlimani, na ndani yake kuna pori: ni mtu wa nyikani, wa kule kusikolimwa. Filemon alikuwa akilitumia tangu utoto kama anavyotumia neno jembe. Siku hiyo alilitumia kwa moyo mweupe kabisa, maana kwa hesabu yake ile ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mkwe wake.

Evelyn alikuwa amesimama na upawa, anamwongezea Antoni.

"Asante, baba," alisema. "Ila huo ni ubaguzi."

Hakupandisha sauti. Alimaliza kumwongezea Antoni, akauliza kama kuna anayetaka pilipili, akarudi jikoni. Godlove akasema anakwenda kuangalia ng'ombe.

Filemon alibaki na kijiko hewani. Katika maisha yake alishaitwa mbishi, alishaitwa mkorofi, na padri mmoja alishamwambia mbele ya watu kwamba mkono wake ni mzito siku ya sadaka. Yote hayo aliyapokea kwa sababu aliona yana ukweli. Lakini ubaguzi alikuwa anausikia redioni tu. Kwake yeye, mbaguzi alikuwa kaburu aliyevaa kaptura, mwenye mbwa mkubwa, anayeishi mbali sana kusini. Alijitazama kuanzia viatu mpaka tumboni, hakuona kaptura wala mbwa.

Akainuka, akamfuata Evelyn jikoni. Hilo peke yake liliwashtua watu wa nyumbani, kwa sababu hakuna aliyekumbuka lini Filemon aliingia jikoni mara ya mwisho. Alisimama mlangoni akaanza kujitetea. Alianza na ng'ombe wake, Malkia. Huyo Malkia, alieleza, alimnunua mnadani Sanya Juu kwa Mmasai, na tangu siku hiyo anamlisha majani yaleyale wanayokula wenzake, hajawahi kumkumbusha hata mara moja kwamba ametoka kwa watu wengine. Kisha akaja kwenye ndoa. Alipoambiwa Godlove anaoa huko chini alinyamaza siku nzima, ni kweli, lakini hakukataa, na wapo wazee aliowataja kwa majina ambao wangekataa.

Evelyn alikuwa anaosha vyombo. Alisema amesikia, akaomba apewe ile sufuria iliyokuwa nyuma ya mzee. Filemon akampa sufuria, akaendelea.

Aliendelea wiki nzima. Evelyn akiwa kibandani kwake, mteja amenyoosha mikono anapimwa kifua, simu inaita, na ni baba mkwe. Amekumbuka kwamba aliwahi kumpa Msukuma lifti mpaka Boma Ng'ombe. Baada ya muda simu inaita tena: daktari aliyemng'oa jino alikuwa Mhaya, na yeye Filemon alimfunulia mdomo bila kusita. Evelyn alimjibu kwa heshima kila mara, "Sawa, baba," akarudi kwenye futi yake. Filemon akikata simu alikuwa anajisikia vizuri kwa muda mfupi, kisha ile "sawa, baba" inaanza kumwasha kama upupu. Aliona haijakamilika. Alitaka aambiwe kwamba yeye si mbaguzi, kwa maneno hayohayo, na ikiwezekana mbele ya Antoni.

Margareta, goti lake juu ya stuli, alimshauri aombe msamaha ili watu wapumzike. Filemon akamwambia kwamba akiomba msamaha itakuwa amekubali amefanya. Margareta akasema ndiyo. Filemon akasema hilo ndilo tatizo.

Antoni naye alikuwa halali vizuri. Neno zito lilikuwa limesemwa mezani yeye akiwa mwenyekiti wa jumuiya, anakula, na halikufikishwa popote. Kwa maoni yake, jambo likishasemwa lazima liwe na mahali pa kwenda. Jumapili iliyofuata akapendekeza iundwe kamati ya kuchunguza kama Filemon ni mbaguzi au si mbaguzi, itoe jibu, na jibu hilo lifunge mjadala. Filemon alifurahi mpaka akamshika mkono.

Kamati ilipatikana siku hiyohiyo nje ya kanisa. Wajumbe wote walikuwa wa kijiji kilekile na karibu wote wa ukoo mmoja, kwa hiyo haikuwa shida kujuana. Mama mmoja mjane aitwaye Eliona alichaguliwa kuwa mhazini. Aliuliza yeye ni mhazini wa kitu gani, kwa kuwa hakukuwa na mfuko wala mchango, na Antoni akamjibu kwamba kamati isiyo na mhazini haijatimia. Ikaja nafasi ya mwenyekiti. Antoni alieleza kwamba kwa jambo zito namna hii anatakiwa mtu mzima kuliko wote, asiye na upande. Mtu mzima kuliko wote alikuwa Filemon. Kuhusu upande, Filemon mwenyewe alisimama akaahidi kwamba akikaa kwenye kiti hatajipendelea. Wakapiga kura, akapita bila kupingwa.

Hivyo ndivyo Mzee Filemon alivyokuwa mwenyekiti wa kamati ya kumchunguza Mzee Filemon. Vikao vilifanyika nyumbani kwake kila Jumapili, chini ya paa la banda la ng'ombe, na Margareta aliwapikia mbege, pombe ya ndizi na ulezi, pamoja na maumivu ya goti lake.

Ajenda ya kwanza ilikuwa maana ya neno. Antoni alisema halina utata: chasaka ni mtu asiye wa mlimani. Eliona akauliza mlima unaanzia wapi. Wengine walisema unaanzia barabara kuu ya Arusha, wengine wakasema unaanzia pale kahawa inapokubali. Mjumbe mmoja akatanabahi kwamba ndugu yake amejenga chini ya barabara, kwenye mahindi na jua, na akataka kujua sasa ndugu yake ni nani. Walibishana sana juu ya mtu huyo, ambaye hakuwepo na hakujua chochote, wakaamua kwamba ni chasaka siku za kazi, lakini akipanda kuja misa anarudi kuwa mtu wa kwao.

Wakaja kwa watu wa Machame, ng'ambo ya mto Weruweru. Mjumbe mwingine alisema taratibu kwamba bibi yake alikuwa akiwaita hao nao chasaka. Mke wa Antoni ni wa Machame. Antoni aliinuka, akavaa kofia, akatoka nje ya banda akasimama mgombani amewapa mgongo, na ilibidi Eliona amfuate na kata ya mbege mpaka akakubali kurudi. Ilipofika zamu ya watu wa Rombo, mashariki ya mlima, kila mtu alikuwa amechoka, na suala la Rombo likaahirishwa.

Kikao baada ya kikao lile neno lilizidi kujikunja. Mwishowe walikubaliana kwamba chasaka ni mtu ambaye moshi wa jiko lake hauonekani ukisimama uani kwa Filemon. Maana hiyo iliwaridhisha wote hadi Jumapili iliyofuata, ambapo ukungu ulishuka asubuhi ukafunika kijiji kizima, na kwa kanuni yao wenyewe hapakuwa na mtu wa kwao duniani isipokuwa Filemon na mkewe.

Margareta ndiye aliyegundua kasoro kubwa zaidi. Alikuwa anasogeza ndoo ya mbege kwa mguu wake mzima, akawatazama walivyokaa kwenye benchi, wanafanana pua, akasema kwamba kamati inazungumzia machasaka mwezi wa pili sasa na haina hata mmoja.

Antoni alikiri kwamba utaratibu umekiukwa. Wakapeleka ombi kwa Evelyn kupitia Godlove. Godlove alikwenda, akarudi na jibu kwamba mkewe hana kesi na mtu. Alisema neno lake siku ile akamaliza, na sasa ana sare za kidato cha kwanza zinamngoja. Baada ya kutoa jibu hilo Godlove akaenda kuangalia ng'ombe, ingawa ng'ombe walikuwa palepale, wamesimama nyuma ya wajumbe.

Filemon hakukata tamaa. Alisema anaye rafiki yake wa miaka mingi huko Mabogini, mkulima wa mpunga, Mpare, mtu mwaminifu, ambaye humuuzia pumba za kulisha ng'ombe. Huyo atakuja kukaa kwenye kamati na atatoa ushahidi. Jumatatu wakapanda pikapu ya Antoni, wakateremka, wakapita mjini, wakafika kwenye majaruba ambako joto lilimfanya Antoni avue koti ambalo hajawahi kuonekana bila kulivaa.

Yule rafiki alikuwa anageuza mpunga juu ya turubai. Filemon alishuka garini amefungua mikono.

"Mpare!" aliita.

"Mchagga!" yule bwana akajibu, wakakumbatiana kwa furaha ya kweli.

Antoni, kwa ajili ya kumbukumbu za kamati, aliomba jina la shahidi. Filemon akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alimtazama rafiki yake, akatazama mpunga, akasema kwamba ni vizuri zaidi mtu ajitaje mwenyewe. Yule bwana akasema anaitwa Elirehema. Antoni akamuuliza kama naye anamfahamu kwa jina huyu mzee aliyemkumbatia. Elirehema alifikiri sana.

"Yeye ni Mchagga wa pumba," alisema.

Wakaketi kivulini, wakamweleza shida yao, na Elirehema akakubali mara moja kutoa ushahidi. Alisema katika miaka yote waliyojuana hajaona ubaguzi wowote kwa mzee huyu. Zaidi ya hapo, akaongeza kwa kutaka kumsaidia, mzee huyu hafanani na Wachagga wengine hata kidogo. Huyu unaweza kumwachia mzani ukaenda zako kula, ukirudi unaukuta.

Filemon alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kikasimama.

"Wachagga wengine wana nini?" aliuliza.

Elirehema akasema si anajua mwenyewe. Filemon akasema hajui. Elirehema akamweleza basi, kwa upole, mambo ambayo kwa maoni yake kila mtu katika nchi hii anayajua, na kwamba hayo si matusi, ni tabia tu, kama vile mpunga unavyopenda maji.

"Huo ni ubaguzi," Filemon alisema.

Baadaye alimwambia Margareta kwamba katika miezi yote ile hakuwahi kupata nafuu kama aliyoipata dakika ile, alipoona neno limetoka kwake limekwenda kukaa kwa mtu mwingine.

Kwa Elirehema halikukaa vizuri. Alijishika kifua. Akauliza ni yeye anayeambiwa hivyo, yeye ambaye mkewe ni Mchagga wa Marangu, na alipoambiwa na ndugu zake atafute mke kwao Mwanga alinyamaza, lakini hakumkataa huyu. Walipoinuka kuondoka aliwafuata mpaka kwenye gari, anasema juu ya mwalimu wake wa darasa la nne, juu ya fundi aliyemjengea choo, juu ya jogoo wake wa mbegu aliyetoka Uru kwa Wachagga na anayeishi na kuku wa kawaida bila tatizo. Alishika dirisha la gari. Antoni alisimulia kwamba alitazama mbele barabarani akishika usukani, na kwa kusikiliza tu asingeweza kusema ni nani kati ya wale wawili anayeongea.

Elirehema akasema hawezi kubaki na doa hilo, aambiwe anaweza kujitetea wapi. Antoni akamjibu kwamba kamati inakaa Jumapili baada ya misa.

Alikuja, amevaa suti, na debe la mchele begani. Tangu siku hiyo vikao vikawa na washtakiwa wawili. Filemon alikuwa akijitetea kwanza, kisha anarudi kwenye kiti cha mwenyekiti, Elirehema anasimama anajitetea, na kila mmoja alimsikiliza mwenzake kwa makini sana kwa sababu alikuwa anatafuta hoja ambayo yeye hakuifikiria. Urafiki wao ulikua. Walianza hata kuitana kwa majina yao.

Ilikuwa Novemba Antoni alipopata ufumbuzi. Aliusimamisha mkutano akasema wamekuwa wakitazama upande usio sahihi. Kasoro haiko kwa Filemon. Filemon alimwita Evelyn chasaka kwa sababu Evelyn ni chasaka. Hilo likiondolewa, shitaka halina pa kusimama. Kamati inao uwezo wa kumtangaza Evelyn kuwa mtu wa mlimani, achinjwe mbuzi, na mambo yaishe. Wajumbe walipiga makofi. Filemon alitoa mbuzi wake mwenyewe, beberu mweupe aliyekuwa anamtunza kwa Krismasi.

Evelyn alipanda Jumapili hiyo kumletea Margareta dawa ya goti. Alikuta uwanja umejaa watu, moshi wa nyama, na kiti kimoja kimetandikwa kitambaa cha meza. Walimkalisha hapo. Antoni alisimama mbele yake.

"Kuanzia leo," alisema, "wewe si chasaka tena."

Vigelegele vikapigwa. Evelyn alingoja viishe.

"Na baba yangu?" aliuliza.

Wajumbe wakasogezeana vichwa. Baba yake, Mathayo, alikuwa mzee mwema, alifanya kazi kiwandani bila makuu, hakuna aliyekuwa na neno naye. Wakampitisha. Evelyn akauliza na mama yake je, na mama yake akapita. Akauliza shangazi zake wawili walioko Kasulu. Hapo Antoni alisita, kwa kuwa hakuwaona, lakini akasema si vizuri kugawanya watu wa mji mmoja, na ili kuepuka malalamiko wakaipitisha Kasulu yote. Eliona akauliza kwa nini Kasulu iingie na Kibondo ibaki nje, huo nao hautakuwa ubaguzi? Mkoa wa Kigoma ukapita. Tabora ikaingia kwa kuwa treni ya Kigoma inapita Tabora, na Dodoma kwa sababu hiyohiyo. Wakati mbavu zinageuzwa motoni, walikuwa wamewafanya watu wa mlimani wakazi wote wa reli ya kati na sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa. Mjumbe mmoja aliitaja Zanzibar. Pakawa na wasiwasi kama kamati ya Kibosho ina nguvu ng'ambo ya maji, ikapitishwa kwa sharti kwamba wenyewe waridhie. Machame ilipita kwa kura moja. Rombo ikaahirishwa tena.

Ilipofika Upareni, Elirehema alisimama.

"Mimi sitaki," alisema.

Walimsihi. Walimwonyesha kwamba akikataa atabaki karibu peke yake katika nchi nzima. Alisema atabaki. Alikuwa na mlima wake kule kwao, unamtosha, na mbuzi ataendelea kumla kama mgeni.

Evelyn alikuwa ameinama kwenye kile kiti, amefunika uso na khanga, mabega yanatikisika. Watu walisema analia kwa furaha. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaishiwa pumzi, na Filemon, aliyekuwa karibu yake kuliko wengine, aliona alipoondoa khanga kwamba kicheko kilikuwa kimeisha zamani na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. Aliinuka bila kuaga, akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji. Filemon akaacha nyama akamfuata.

"Mwanangu," alimwambia, "bado tu?"

Evelyn alinawa uso kwanza.

"Baba, mimi sikuomba kuingizwa mahali," alisema. "Nina kwetu."

Akamweleza. Alipokuwa msichana, siku za Jumamosi alipanda huku na mama yake kuuza dagaa wa Kigoma nyumba kwa nyumba, mama ana beseni kichwani, yeye ana vipimo. Wakipiga hodi, watoto walikimbia ndani kusema kuna chasaka mlangoni. Hakuna aliyeuliza jina. Na mama yake alikuwa anaitika. Alikuwa anasema, "Ndiyo, mimi hapa," anatabasamu, kwa sababu asipoitika hauzi. Evelyn alipoolewa Kibosho alijiambia kwamba walau yeye ataitwa jina lake.

"Siku ile uliposema lile neno," alisema, "nilimsikia mama akiitika."

Filemon alifungua mdomo. Evelyn aliuona unavyofunguka na akajua kinachokuja.

"Sitaki kusikia habari za Malkia, baba. Sema neno moja, halafu unyamaze."

Mzee alisimama. Kutoka mbele ya nyumba zilisikika sauti za wajumbe wakibishana kuhusu Mtwara. Alivua kofia.

"Nisamehe," alisema.

Kisha akanyamaza, na kunyamaza huko kulikuwa kazi nzito kuliko kulima. Yule Msukuma wa lifti alipanda mpaka kooni, akamrudisha chini. Akapanda daktari wa meno, akamrudisha. Ikapanda ile siku nzima aliyonyamaza bila kukataa ndoa, na hiyo, alipoitazama kwa mara ya kwanza bila haraka ya kuitumia, aliona haifai kusemwa kwa mtu yeyote. Jasho lilimtoka. Alishika ukingo wa pipa.

"Nimekusamehe, baba," Evelyn alisema baada ya muda. Akaongeza kwamba goti la mama linatakiwa kukandwa maji ya moto, na kama mzee ana nafasi, abebe lile beseni lililo kando ya pipa. Filemon akalibeba.

Hakubadilika mara moja. Lile neno limekaa mdomoni kwake tangu ana meno ya utotoni, na hutoka lenyewe. Likianza kutoka, na akakumbuka, hulikata katikati na kulimalizia kwingine, hivyo akisema "cha" hulazimika kusema "chai," na wageni wengi siku hizi hupewa chai nyumbani kwake bila kuelewa kwa nini imetajwa ghafla hivyo. Kamati nayo haikuvunjwa, kwa sababu hakuna aliyejua nani ana mamlaka ya kuivunja. Inaendelea kukaa. Elirehema huja kila akipata nafasi.

Desemba ikafika, na kama ilivyo kila mwaka mlima ulijaa. Magari yalipanda kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi, kila nyumba ikapata watu wake. Tarehe ishirini na sita, wakati barabara nzima inapanda, Mzee Filemon alivaa suti yake nyeusi, akafunga mkungu wa ndizi kwenye bodaboda, akateremka. Alikwenda kwa wakwe. Hakuwa amewahi kufika huko. Wakati wa posa alimtuma Antoni, na harusi ilifanyikia ukumbini mjini, kwa hiyo alikuwa hajawahi kukanyaga pale mkwe wake alipozaliwa.

Godlove na Evelyn walikuwa wametangulia. Mathayo alimpokea mlangoni, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa ya kiwandani, wakasalimiana kama wazee. Nyumba ilikuwa safi, ina waridi mbele, na hewa yote ilinukia sukari iliyoungua. Mama yake Evelyn, Monica, alitoka uani anafuta mikono. Filemon alisimama tena, akavua kofia, akamwambia nisamehe, akanyamaza.

Evelyn hakuwa amewasimulia wazazi wake jambo lolote. Mama Monica alimtazama mzee yule aliyesimama kimya mbele yake anatoka jasho, akaona ni shida, akamwambia amesamehewa. Kisha akamgeukia binti yake akamuuliza kwa Kiha amevunja nini. Evelyn akamjibu kwa lugha hiyohiyo, maneno machache. Mama Monica alikiangalia kiti kilichokuwa karibu zaidi na feni, akakivuta, akamwambia Filemon akae hapo kwa kuwa huku chini kuna joto. Walikaa mpaka alasiri. Filemon na Mathayo waliongea habari za presha, na ikaonekana wote wawili wanakunywa dawa ileile.

Huko Kibosho, majirani waliona mzee anateremka peke yake amevaa suti nyeusi siku ambayo kila mtu anapanda. Hawakuona maelezo mengine ila msiba. Aliporudi jioni alikuta turubai limefungwa uani kwake, mabenchi ya kanisa yamepangwa, na watu wamejaa, wanawake wamejifunga khanga, Antoni amesimama katikati anapanga zamu za kupika. Margareta alikuwa amewaambia tangu mchana kwamba hakuna aliyekufa, na walimpa pole zaidi, wakidhani bado hajaambiwa.

Filemon aliwaeleza kwamba amekwenda kusalimia wakwe. Waliuliza wakwe gani. Akasema kwa kina Evelyn, kwa mzee Mathayo na mama Monica. Watu walitazamana. Mvua ilikuwa inakuja na wali wa mchele wa Elirehema ulishakauka sufuriani, kwa hiyo hakuna aliyeondoka. Mama mmoja aliyetembea kutoka mbali, na ambaye alikuwa ameyaandaa maneno yake njia nzima, alimshika Filemon mkono akampa pole hata hivyo, na Filemon akaipokea, akamshukuru, akasogea kwenye benchi ili mama huyo naye apate mahali pa kukaa.